Marehemu wa Sehemu ya Kumi na Tano

Hii si ya zamani wala si ya kale. Ni ya juzi, na waliokuwemo wengine bado wako kwenye foleni. Ilitokea katika nchi moja ambayo jina lake nalimeza, si kwa woga, ila nina shangazi huko, na shangazi bado anahitaji kwenda ofisini kwao mara kwa mara. Mkiitambua nchi yenyewe, hilo ni lenu. Mimi sijasema kitu.

Katika nchi hiyo kitu kikishaanza hakina ruhusa ya kuisha. Rais wao, aliyeitwa Mwendelezaji Mkuu, alikuwa katika awamu ya saba, na kila awamu ilikuwa na jina na bango lake barabarani. Ya pili iliitwa Mheshimiwa Arudi. Ya tatu iliitwa Mheshimiwa Arudi Tena. Ya tano ilirudi nyuma kueleza utoto wake, na wananchi wakatawaliwa miaka mitano mizima na kijana wa miaka kumi na miwili mwenye mvi. Hotuba ilikuwa ileile tangu ya kwanza, ila kila awamu iliongezwa milipuko.

Neno "mwisho" lilipigwa marufuku. Waziri wa Mwendelezo alilieleza bungeni vizuri sana: "Ndugu Spika, mwisho ni fikra ya wageni. Babu zetu hawakuwa na mwisho. Walikuwa na sisi." Wabunge wakapiga makofi kwa saa mbili na nusu, si kwa mapenzi, ila hakukuwa na utaratibu wa kuyamaliza. Kituo cha mwisho cha basi kikabadilishwa jina kikawa Kituo cha Mapumziko Marefu, na nasikia kuna abiria waliolielewa vibaya ambao mpaka leo hawajashuka.

Sasa, katika nchi hiyo alikuwapo mwanamke akiitwa Sikujua. Jina alipewa na bibi yake, si na matukio. Mumewe, Nasoro Kigwe, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa maneno machache na mikono iliyojaa alama za cheche. Miaka kumi na sita kabla ya haya ninayoyasimulia, serikali ilifungua Daraja la Maendeleo juu ya Mto Kindwi, ulio mpakani. Waziri alikata utepe siku ya Jumatatu. Siku ya kumi na moja daraja likalala, na basi la watu wa mnadani likalala nalo. Nasoro alikuwa ng'ambo anapima geti la mtu. Akavua shati, akaingia majini, akatoa watu kumi na tisa. Akarudi kumfuata wa ishirini, na hapo hakuonekana tena mpaka Jumapili, maili tatu chini ya mto. Akazikwa. Watu walioshika vipande vya daraja lile walisema ukivisugua kwa kidole gumba vinatoka unga.

Kulikuwa na mpiga picha wa harusi mtaani, Kibwana, na huyo Kibwana akaamua kuigiza mkasa ule kwa kamera yake ya harusi. Filamu ikatoka dakika thelathini na nane, na kwenye pembe ya kioo kulikuwa na maandishi aliyoshindwa kuyaondoa: Hongera Maharusi. Ikaitwa Mtu wa Daraja. Ikaonyeshwa kwenye banda la video la Shomari, mdogo wake Nasoro.

Shomari alikuwa mtafsiri. Kama hujawahi kukaa kwenye banda la namna hiyo, jua kwamba mtafsiri hukaa pembeni ya runinga na maikrofoni yake, na filamu ya kigeni inapokwenda yeye ndiye anayesema, anayecheka, anayetukana na anayelia kwa niaba ya kila mtu aliyemo. Runinga ya Shomari spika zake zilikufa miaka mingi nyuma, kwa hiyo alikuwa anasoma midomo ya waigizaji, na hata wa lugha asizozijua alikuwa hakosei sana. Filamu ya Kibwana ilikuwa ya Kiswahili, lakini watu walikuwa wameizoea sauti yake, basi akaitafsiri Kiswahili kwa Kiswahili.

Kila mpenzi wa mabanda anajua kanuni moja: steringi hafi. Shujaa huyo wa filamu anaweza kupigwa risasi arobaini, akachomwa, akatupwa baharini kwenye gunia, lakini steringi hafi. Shomari akifika dakika ya thelathini na saba alikuwa anashusha sauti. "Jamani, hapa steringi anafariki. Najua hamjawahi kuona. Alikuwa kaka yangu."

Watu wakawa wanatoka bandani kimya. Halafu, wakifika barabarani, mmoja anauliza: "Hivi ile saruji ilikwenda wapi?"

Swali hilo likazunguka nchi nzima. Ndani ya mwezi mmoja serikali ikaunda Tume ya Mwendelezo, ikaichukua hadithi ile kwa niaba ya taifa, na ikatoa Mtu wa Daraja, Sehemu ya Pili.

Katika Sehemu ya Pili Nasoro anaibuka mtoni akiwa ameshika bendera, na bendera ni kavu. Daraja halikuanguka kwa sababu ya saruji. Lililipuliwa na maadui wa maendeleo, wanaume wanne waliovaa miwani mieusi na kuongea kwa lafudhi ya nchi jirani. Watu wakacheka. Kisha ikaja ya Tatu, wakacheka kidogo. Ya Nne ikaonyeshwa shuleni kwa lazima. Katika ya Saba Nasoro akapigana na pacha wake, ingawa mama yake mzazi aliapa kuwa alizaa mmoja. Katika ya Kumi daraja lenyewe likapewa nafasi ya kuzungumza, likaishukuru serikali. Kufika ya Kumi na Mbili hakuna aliyekumbuka saruji, na vijana walikuwa wakibishana vijiweni Nasoro akikutana na papa nani atashinda. Mkandarasi naye akapewa kazi ya kujenga Daraja la Maendeleo la Pili, palepale, kwa mchanga uleule.

Ili mambo yasiyumbe, Bunge likapitisha Sheria ya Steringi Hafi. Kifungu cha nne kinasema: kilichoonekana katika filamu ya taifa kimetokea, kisichoonekana bado hakijatokea.

Sikujua aliziangalia zote mpaka ya Nane. Hakuwa na hiari. Kwenye ukumbi wa Tume mstari wa mbele kulikuwa na kiti cha mbao kilichoandikwa MKE kwa rangi nyeupe, na kila uzinduzi alifuatwa nyumbani kwa gari akakikalie, apungiwe mkono. Uzinduzi wa Sehemu ya Tisa gari halikuja. Akaenda kwa miguu. Mlangoni akaambiwa viti vya zamani vimeondolewa.

*

Binti yao, Mishi, alikuwa na miaka mitatu baba yake alipoingia mtoni. Sasa alikuwa na kumi na tisa, na amechumbiwa na Kondo, fundi baiskeli, kijana mpole ambaye kasoro yake pekee ilikuwa kupiga mluzi akiwa anakula. Wazazi wa Kondo wakaleta barua ya posa, ikapokelewa, siku ikatajwa. Kikabaki kitu kimoja. Kadhi akauliza walii ni nani.

"Mimi hapa, baba yake mdogo," akasema Shomari. "Baba yake amekufa."

Kadhi akatazama mlangoni kwanza. "Mimi najua amekufa, na wewe unajua. Nilimsalia mwenyewe. Lakini nimeletewa waraka. Baba akiwa hai ndiye anayeozesha, na akiwa amekufa nataka cheti cha kifo chenye muhuri wa Tume. Nikiandika bila cheti, mimi ndiye nitakayehitaji cheti."

Basi Sikujua akaenda Tume. Alielekezwa Dirisha Namba Sita, Ofisi ya Vifo Visivyotokea. Mbele ya dirisha kulikuwa na viti vikuukuu vilivyohamishwa kutoka ukumbini, na cha tatu kutoka ukutani kilikuwa na maandishi meupe yaliyochakaa: MKE. Akakikalia. Kilikuwa kinamjua.

Saa tano akaitwa. Nyuma ya dirisha alikuwapo Mkurugenzi Msaidizi, Bwana Pesambili, mtu nadhifu mwenye kalamu nne mfukoni na hakuna hata moja iliyokuwa na wino.

"Unataka cheti cha nani, mama?"

"Nasoro Kigwe. Mume wangu."

"Nasoro Kigwe yule?"

"Yuleyule."

Pesambili akatabasamu kama mtu aliyeulizwa bei ya mvua. "Mama yangu, mimi juzi tu nimemwona akiruka kutoka kwenye helikopta."

"Nasoro alikuwa anaogopa hata ngazi."

"Basi amepona. Mshukuru Mungu."

"Bwana Mkurugenzi, nilimwona kwa macho yangu akivikwa sanda."

"Macho yako yamesajiliwa?"

Sikujua alidhani amesikia vibaya. Alipoona mwenzake anasubiri jibu kwa dhati, akasema, "Kaburi lipo. Twende nikuonyeshe."

"Hilo ni kaburi la Sehemu ya Kwanza. Sehemu ya Kwanza ilishaondolewa kwenye mfululizo. Siku hizi tunahesabu kuanzia ya Pili." Akavuta jalada, akalipuliza vumbi, akalifungua. "Na wewe, kwa kumbukumbu, ni nani?"

"Nimekwambia. Mkewe."

Pesambili akageuza jalada amwonyeshe. Palikuwa na picha ya msichana wa miaka ishirini na tano mwenye kope ndefu kama mbawa za kombamwiko. "Mke wa Nasoro Kigwe ni huyu, kuanzia Sehemu ya Tisa. Wewe ulikuwa mke wa Sehemu ya Pili mpaka ya Nane. Hukuarifiwa?"

"Nilinyang'anywa kiti."

"Naam. Basi uliarifiwa."

Hakuwa mtu mbaya, Pesambili. Alimwagizia maji. Kisha akamuuliza cheti ni cha nini hasa, na Sikujua akaeleza habari za Mishi na kadhi na walii. Alipokuwa anaeleza, uso wa Pesambili ukaanza kung'aa, na hilo ndilo lililomtisha Sikujua kuliko kukataliwa.

"Harusi," akasema Pesambili taratibu. "Tumefanya vita, tumefanya anga, tumefanya papa. Hatujawahi kufanya harusi." Akaandika kitu kwenye karatasi, kalamu haikutoa wino, naye hakujali. "Mama, nenda nyumbani. Ami hana haja ya kumwozesha binti wa mtu aliye hai, ni utovu wa adabu. Baba yake atakuja mwenyewe."

*

Kabla ya baba kuja, samani zilikuja. Mafundi wa Tume waliikagua nyumba ya Sikujua wakasema haifanani vya kutosha na nyumba ya Sikujua. Wakachukua kitanda chake wakaleta kinachofanana zaidi. Wakapaka ukuta rangi, halafu wakaupaka uchakavu juu ya rangi. Picha ya Nasoro iliyokuwa sebuleni ikaondolewa kwa kosa la kutofanana na Nasoro. Sikujua alikuwa ameshachukua nyingine ndogo, ile ya kitambulisho, akaizika kwenye kopo la unga.

Alasiri ya Jumanne ikasikika hodi.

Aliyesimama mlangoni ni Zuberi Kilindo, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la mtu mwingine. Bango lilimwonyesha na kifua kama mlango wa benki. Mlangoni alikuwa mzee wa miaka sitini na nne, nywele zimepakwa piko la kuficha mvi, mkono mmoja kwenye goti.

"Karibu, marehemu," Sikujua akasema. Alikuwa amejiandaa kumchukia.

"Starehe, mama. Nimetumwa nije nijizoeze kuwa mumeo." Akavua viatu. "Naomba niulize. Alikuwa anapenda kukaa wapi?"

Sikujua akaonyesha kigoda kilichokuwa karibu na mlango wa uani. Zuberi akakitazama, kisha akashuka polepole, goti moja baada ya jingine, akakaa mkekani. Kile kigoda hakukigusa.

Sikujua akaenda kuteka maji ya chai, ingawa hakuwa amepanga kumpa chai.

"Alikuwa anacheka vipi?" Zuberi akauliza alipopewa kikombe.

Katika miaka kumi na sita na filamu kumi na nne, hakuna aliyewahi kumwuliza Sikujua swali lolote kuhusu Nasoro. Akafikiri. "Alikuwa hacheki. Kitu kikimfurahisha alikuwa anatoa pumzi puani, mara moja. Usipokuwa makini huisikii."

Zuberi akajaribu. Akatoa pumzi puani.

"Hapana," Sikujua akasema. "Hiyo ni ya mtu mwenye mafua."

Akajaribu tena. Sikujua akageukia upande wa jiko.

"Mimi sikuomba haya yote," Zuberi akasema. "Nilikuwa mwalimu wa hesabu. Wakanichukua kwa sababu ya mabega. Sehemu ya Sita nilivunjika nyonga, wakaandika kuwa nilipigwa na maadui. Nikaomba kustaafu, nikaambiwa kustaafu ni mwisho wa namna fulani, na mwisho ni kosa. Mwaka jana daktari akaniambia moyo wangu umechoka. Nikapeleka barua yake Tume. Wakajibu kwamba moyo wangu ni moyo wa taifa na taifa halina historia ya maradhi hayo." Akanywa chai. "Mke wangu, Tabu, kila nikiondoka ananiuliza nitakuja kukaa nyumbani lini. Namwambia, steringi akifa."

"Na steringi hafi."

"Mama, mimi nimechoka kufufuka."

Nje mafundi walikuwa wakigongelea uchakavu kwenye mlango.

"Cheti chako unakihitaji kweli?" akauliza Zuberi.

"Mwanangu anataka kuozeshwa na baba yake mdogo. Na mimi nataka yule mtu awe amekufa. Nikienda kule kaburini kupalilia, watu wananiuliza nimepoteza nini."

Zuberi akaweka kikombe chini. "Sheria yao inasema kilichoonekana kimetokea. Basi acha kionekane. Siku ya harusi, kamera zikiwa zimewashwa, mimi nitasema kweli, halafu nitakufa. Vizuri kabisa. Sijawahi kuruhusiwa, lakini nimejizoeza nyumbani mbele ya kioo."

"Watakata."

"Watakata sauti. Wamekodi watu mia nne na helikopta mbili, picha hawatakubali kuitupa. Mdomo wangu utabaki."

"Msoma midomo namjua," akasema Sikujua, na akamwongezea chai bila kuulizwa.

*

Sehemu ya Kumi na Tano, Harusi ya Damu na Maendeleo, ilipigwa picha juu ya daraja jipya siku ya Jumatano. Bibi harusi alikuwa mwigizaji. Mishi akavikwa nguo ileile na kusimamishwa kando akiwa bibi harusi wa akiba. Kondo akaambiwa hana uso wa bwana harusi, akapewa kazi ya kushika mwavuli juu ya bwana harusi. Mama wa bibi harusi alikuwa yule wa kope, mwenye umri wa miaka sita zaidi ya bintiye. Sikujua akawekwa katika kundi la Wanawake Wanaofurahi.

Waziri wa Mwendelezo akafungua shughuli. "Ndugu wananchi, wapo wanaosema tunarudia. Nawauliza, jua nalo halirudii? Mmewahi kulilalamikia jua? Serikali hii itaendelea kuendeleza miendelezo yote inayoendelea." Watu mia nne wakapiga makofi. Daraja likatikisika kidogo, na mkandarasi akawaomba wapunguze furaha.

Dairekta akasema kamera zianze. Zuberi akatembea katikati ya daraja kwa kanzu nyeupe. Alitakiwa amshike bibi harusi mkono na kusema kwamba binti yake ni binti wa taifa zima. Hakumshika. Akampita, akampita na wa kope, akaenda mpaka pale aliposimama Mishi. Akamtazama. Akatoa pumzi puani, mara moja.

Safari hii ilikuwa yenyewe. Sikujua, kule alikokuwa anafurahi, akaziba mdomo kwa kanga.

Zuberi akaigeukia kamera kubwa, akasema taratibu, kila neno limefunguliwa kinywani kama kwa mwanafunzi mzito wa hesabu: "Mimi si Nasoro Kigwe. Nasoro alikufa mtoni miaka kumi na sita iliyopita kwa sababu daraja lilikuwa la mchanga. Amekufa. Mwandikieni."

Akaushika ukingo wa daraja, akaketi, akalala ubavu.

Kisha dairekta akasema, "Kata. Imekaa vizuri sana hiyo ya kuanguka, sauti tutabadilisha." Watu mia nne wakapiga makofi. Wakamsubiri anyanyuke.

Sikujua akaona kwamba mtu huyu, ambaye kwa magoti yale hakuweza hata kukaa mkekani bila kujishikilia, amelalia mkono wake vibaya na hausogezi. Akatoka kwenye kundi lake. Akapiga magoti, akamgusa shingoni.

"Mwacheni akae kwenye uhusika," dairekta akasema.

"Huyu amekufa," Sikujua akasema.

Akaitwa daktari. Akaja daktari wa kwenye filamu, mwenye koti jeupe na kipimo cha plastiki shingoni. Akapima kifua, akainuka, akasoma sentensi yake: "Hali ya mgonjwa inaendelea vizuri."

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Kabla ya saa kumi jioni Tume ilikuwa imempata Nasoro mwingine, kijana mwenye kifua, naye akavikwa kanzu ileile kabla haijapoa, akalala palepale alipolala mwenzake, dairekta akasema kamera zianze, akanyanyuka akitabasamu.

*

Filamu ilitoka baada ya wiki sita na kupelekwa kwenye mabanda yote. Zuberi alikuwa amekisia sawasawa: picha walikuwa wameiacha. Sauti ndiyo waliyoiondoa, wakamwekea kinywani shukrani ndefu kwa Mwendelezaji Mkuu, ndefu kuliko midomo yake, kiasi kwamba alipokuwa ameshaanguka bado alikuwa anashukuru.

Lakini banda la Shomari halikuwa na spika.

Watafsiri wote walikuwa wamepewa karatasi ya kusoma. Shomari alisoma karatasi yake vizuri mpaka kwenye daraja. Zuberi alipoigeukia kamera, Shomari akaikunja karatasi, akaiweka chini ya paja, akasogeza maikrofoni. Akasoma mdomo, neno kwa neno, mpaka "mwandikieni". Halafu akaongeza lake, kwa sauti ileile ya zamani: "Na huyu naye amekufa, jamani. Pale pale mlipomwona. Huyo anayenyanyuka ni mtu mwingine."

Hakuna aliyepiga mluzi. Watu walitoka, na walipofika barabarani mmoja, mzee, akasema kama anayekumbuka jina la mtu aliyesoma naye: "Ile saruji."

Kesho yake banda likafungwa kwa utepe. Shomari akaletewa hati ya kuitwa mahakamani Jumatatu kwa kosa la Kumalizia. Jumapili alfajiri yeye, Mishi na Kondo wakavuka Mto Kindwi kwenda nchi jirani. Walivuka kwa miguu, mahali ambapo kiangazi maji ni ya magotini, chini ya daraja. Juu yake hawakupaamini. Mishi alimshika mama yake mkono mpaka majini.

"Twende, mama."

"Nani atapalilia?" Sikujua akasema, akauachia.

Jioni simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Mishi, na nyuma yake mtu anapiga mluzi huku anakula.

"Tumeshaoana, mama."

"Kadhi wa huko hakudai kitu?"

"Aliuliza, baba yake binti yuko wapi. Baba mdogo akasema amekufa. Akauliza, lini? Akamwambia miaka kumi na sita. Akasema, Mungu amrehemu. Halafu akaandika, mama. Aliandika tu. Kwa kalamu ya kawaida."

Tangu siku ile kumwona mwanawe ni kwa simu, maana katika Sehemu ya Kumi na Sita Mishi ni mwigizaji mwingine, hajaolewa, na mpakani askari hukagua nyuso.

Sikujua aliendelea kwenda Dirisha Namba Sita. Haja ya walii ilikuwa imekwisha, samahani, imepumzika. Ikabaki haja yake mwenyewe. Jumatatu ikawa siku yake. Aliondoka na kitafunio chake, karanga kwenye karatasi, akakalia kiti chake cha tatu kutoka ukutani, akaitwa, akakataliwa, akaaga.

Jumatatu moja alimkuta dirishani mwanamke mrefu aliyevaa kaniki, anaongea taratibu kama mtu anayemweleza mtoto mkaidi.

"Zuberi Kilindo. Mume wangu. Nilimzika Alhamisi, siku moja baada ya daraja."

"Zuberi Kilindo kwa kumbukumbu zetu ndiye Nasoro Kigwe," akasema Bwana Pesambili, "na Nasoro nilimwona jana, ana afya kuliko mimi."

"Nilimwona akiingizwa kaburini."

"Pole sana, mama. Macho yako yamesajiliwa?"

Mwanamke yule akageuka, akatazama ukumbi kama anayetafuta mtu wa kumwambia kwamba hili halikusemwa. Viti vyote vilikuwa vimejaa. Walikuwa wengi zaidi siku hizi.

Sikujua akainuka. Akakipangusa kile kiti kwa upindo wa kanga, yale maandishi meupe yakaonekana vizuri kidogo.

"Kaa hapa, Bi Tabu," akasema. "Mimi nimeshakikalia vya kutosha."

Bi Tabu akayasoma maandishi, akakaa. Dirisha likafungwa kwa chakula cha mchana. Sikujua akajiegemeza ukutani pembeni yake, akafungua karatasi ya karanga, akaiweka katikati yao.

"Haya, niambie," akasema. "Alikuwa anacheka vipi?"

Bi Tabu akatazama lile dirisha lililofungwa, muda mrefu.

"Kwa sauti," akasema. "Majirani walikuwa wanalalamika."